Mstari wa Saa Tisa Usiku

Saa tisa kasorobo usiku kengele inalia chini ya mto. Tuliiweka chini ya mto, si mezani, ili mwenzako aliyetoka zamu saa chache zilizopita asiamke bure. Unavaa ukiwa umeketi kitandani: soksi jozi mbili, suruali juu ya suruali, glavu nyembamba ndani ya glavu nene. Ile nyembamba ndiyo ya kuandikia. Mkono mtupu ukigusa chuma kwenye baridi ile unanata, na ngozi inabaki palepale. Milango iko miwili, na hufungui wa nje kabla hujaufunga wa ndani nyuma yako. Kuanzia kizingitini imefungwa kamba hadi kwenye kibanda cha vipimo vya hali ya hewa, hatua 42. Usiku wa ukungu na theluji inayopeperushwa, tochi haikuonyeshi kibanda, inakuonyesha ukuta mweupe unaokwenda mbio. Basi unafuata kamba.

Kibanda chenyewe ni sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeupe, kuta zake ni vibao vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite na jua lisipenye. Ndani mna vipimajoto viwili, bega kwa bega. Kimoja ni kikavu. Cha pili kimevishwa kitambaa chembamba cha pamba kinacholoweshwa maji, na tofauti ya joto kati ya hivyo viwili ndiyo inayokuambia hewa ina unyevu kiasi gani. Joto likiwa chini ya sifuri kitambaa kinaganda, kwa hiyo unakilowesha mapema, unasubiri utando wa barafu utulie, ndipo unasoma. Nilifundishwa mambo matatu kuhusu kusoma kipimajoto, na mpaka leo mwili wangu unayakumbuka wenyewe: zuia pumzi, weka tochi mbali, soma desimali kabla ya nyuzi nzima. Pumzi yako ina joto, taa yako ina joto, na desimali ndiyo inayokimbia kwanza ukikaribia.

Kisha unafunga kibanda na kurudi na kamba ukiirudia namba kwa sauti, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau.

Nimeishi hivyo misimu minne kwenye kituo cha hali ya hewa cha mlimani, juu kidogo ya mita 3,000. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama sehemu saba tu kati ya kumi za ule wa usawa wa bahari, na maji yanachemka yakikaribia nyuzi 90 badala ya 100, hivyo chochote cha kuchemsha kinakula muda. Siku za mwanzo kichwa kinagonga na usingizi hauji vizuri: unapumua kwa nguvu, kisha pumzi inasita, kisha unashtuka umeketi ukidhani kuna mtu amekukaba. Huzoeleka. Watu wengi huniuliza juu ya baridi na upweke, nami huwajibu kwa kifupi kwa sababu si hayo ninayoyakumbuka zaidi. Ninalolikumbuka ni daftari.

Daftari la kituo lina mstari mmoja kwa kila usomaji. Linafuata saa za Greenwich, kwa sababu vituo vyote duniani husoma kwa pamoja, mara nne kubwa kwa siku na mara nne nyingine katikati. Midomo yetu ilihesabu saa kuanzia macheo, daftari likahesabu kuanzia usiku wa manane wa Uingereza, na mgeni wa zamu alichanganyikiwa wiki nzima. Ukishaandika, unageuza yote kuwa mafungu ya tarakimu tano tano na kuyatuma. Ukiona 11087, ile 1 ya kwanza inasema hapa tunazungumzia joto la hewa, 1 ya pili inasema liko chini ya sifuri, na 087 ni nyuzi 8.7. Ukiona fungu 92738, basi upepo unatoka magharibi, nyuzi 270, kwa kasi ya maili 38 za baharini kwa saa. Ile 9 ya mbele ndiyo niliyoizoea kuliko jina langu. Anga hugawanywa katika sehemu nane: 0 ni anga safi, 8 ni mawingu yamefunika kote. 9 maana yake mbingu haionekani kabisa. Mtu wa bondeni hutazama wingu kwa chini. Sisi tulikaa ndani yake, siku baada ya siku, na kuandika 9.

Sasa niseme lililonifanya niandike makala haya.

Msimu wangu wa pili, usiku mmoja, kengele ililia na sikutoka. Sikuwa mgonjwa. Upepo haukuwa mkali. Nilikuwa nimechoka na kitanda kilikuwa na joto, basi. Usomaji wa saa sita usiku ulikuwa nyuzi 8.4 chini ya sifuri, unyevu asilimia 100, mbingu haionekani. Siku tatu nzima ilikuwa hivyohivyo. Nikajiambia kwamba ndani ya saa tatu joto linaweza kushuka kidogo tu. Nikaketi mezani na blanketi mabegani, nikaandika 8.7 chini ya sifuri, nikaandika 9, nikatuma, nikalala.

Alfajiri niliamshwa na mwanga. Dirisha lililokuwa jeupe kwa siku tatu lilikuwa la buluu. Nikafungua mlango. Chini yetu, upande wote, bahari ya mawingu imetanda, shwari, vilele vya mbali vimechomoza humo kama visiwa, na juu yetu hakuna hata unyoya wa wingu. Hewa ilikuwa vuguvugu usoni. Mzee wa kituo alikuwa ameshasoma vipimo vya saa kumi na mbili: nyuzi 1.9 chini ya sifuri, unyevu asilimia 20 na kidogo.

Anayefanya kazi hii anajua kilichotokea. Hewa ya juu ilikuwa ikishuka polepole, na hewa ikishuka hubanwa, ikibanwa hupata joto na kukauka. Inaporomoka mpaka inakutana na hewa baridi iliyolala mabondeni, na pale zinapokutana pana kitu kama kifuniko: chini yake ukungu na moshi vimenaswa, juu yake jua. Kifuniko hicho kilikuwa kimepita kileleni usiku ule, kikitupandisha sisi kutoka ndani ya wingu hadi juu yake bila kusogea hata hatua moja. Ndicho kitu hasa ambacho kituo cha mlimani kimewekwa kukiona. Mtabiri aliye bondeni anataka kujua kifuniko kiko kimo gani na kimefika saa ngapi, kwani hilo ndilo linaloamua kama ukungu wa asubuhi utaondoka au utakaa siku nzima.

Ndani ya kibanda kulikuwa pia na chombo cha kuchora joto: silinda inayozunguka taratibu kwa saa, imezungushiwa karatasi, na kalamu inayopanda na kushuka. Mzee alileta karatasi mezani bila neno. Mstari wa wino ulikuwa umelala chini siku tatu, kisha kati ya saa nane na saa tisa usiku ukapanda kama ngazi.

Kwa hiyo saa tisa, nilipokuwa nikiandika kwamba mbingu haionekani, nyota zilikuwa juu ya paa langu.

“Shikamoo, mzee,” nilisema.

“Marahaba.” Akaniwekea kidole kwenye mstari wangu. “Hii uliisoma?”

“Hapana, mzee. Sikutoka.”

Nilitegemea kufokewa, na nadhani ningefurahi kufokewa. Alichukua kalamu na rula. Alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya namba zangu, mmoja tu, namba zikabaki zinasomeka chini yake. Daftari la uangalizi halifutwi wala halipakwi rangi nyeupe. Kosa nalo ni sehemu ya kumbukumbu. Juu yake akaandika alama ya usomaji uliokosekana na neno “haikusomwa”, kisha akanisukumia daftari nitie sahihi pembeni. Halafu akatuma sahihisho. “Mwanangu,” alisema akiwa bado anatazama karatasi, “usiku ukikushinda, acha wazi. Mtu akikuta wazi atajua la kufanya. Hii ya kwako angeiamini.”

Roho ilinisuta siku nyingi. Ila zaidi ya kusutwa, nilianza kuwasoma waliotangulia kwa jicho jingine. Mwanzoni nilipenda visa vyao kwa sababu ya ushujaa. Baada ya usiku ule nilitaka kujua jambo moja tu: waliandikaje pale ambapo hakuna aliyewaona?

Mwaka 1881 mtaalamu wa hali ya hewa Clement Wragge alianza kupanda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uskoti, mita 1,345, kila siku ya Mungu, majira ya kiangazi hadi vuli, asome vipimo njiani na kileleni, kisha ateremke. Mke wake alisoma vipimo chini karibu na usawa wa bahari kwa nyakati hizohizo, kwa sababu namba ya juu peke yake inasema nusu ya habari. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1883, kituo cha kudumu kikafunguliwa kileleni, na waangalizi wake wakawa wanasoma kila saa, usiku na mchana, mpaka kilipofungwa mwaka 1904 kwa ukosefu wa fedha. Kila saa, kwa miaka 21. Wakati huo hakukuwa na njia nyingine ya kuyajua mambo ya hewa ya juu kwa mfululizo: mlima ndio uliokuwa ngazi. Ndiyo sababu Waaustria nao walijenga kituo juu ya Sonnblick, mita 3,106, mwaka 1886, kwa msaada wa mwenye machimbo ya dhahabu aliyekuwa jirani na mlima huo. Cha Sonnblick kinafanya kazi hadi leo.

Juu ya mlima Fuji, Japani, mwaka 1895, Nonaka Itaru alijenga kibanda kileleni, kwenye mita 3,776, akusudie kupitisha majira ya baridi huko akisoma vipimo kila baada ya saa mbili. Mkewe Chiyoko alimfuata mwezi Oktoba akamsaidia kazi, na mume alipodhoofika kwa ugonjwa yeye ndiye aliyeendelea. Walishushwa Desemba, wote wagonjwa. Kituo cha watu cha mwaka mzima kilikuja kusimama pale mwaka 1932. Huwa nawaza hasa juu ya usomaji wa mwisho wa Chiyoko kabla waokozi hawajafika. Vidole vimevimba, mume amelala, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu kwa kukisia.

Halafu kuna Mount Washington, huko New Hampshire, Marekani. Si mrefu, mita 1,917 tu, lakini umekaa kwenye njia za dhoruba. Tarehe 12 Aprili 1934 vijana wachache walikuwa kileleni ndani ya jengo lililofungwa kwa minyororo kwenye mwamba. Asubuhi ile mmoja wao, Wendell Stephenson, aliona kipimaupepo kinaonyesha kasi ndogo kuliko kishindo alichokuwa akikisikia. Akahisi kimeshikwa na barafu. Akatoka nje na rungu, akapanda ngazi katika upepo ule, akaigonga barafu mpaka ikang'oka. Mchana, wakihesabu kwa saa ya sekunde mkononi, walipata dharuba ya kilomita 372 kwa saa. Hakuna kipimaupepo kilichoonyesha zaidi ya hapo hadi kimbunga Olivia kilipopita kisiwa cha Barrow, Australia, mwaka 1996, kilomita 408 kwa saa. Watu wanaikumbuka ile 372. Mimi ninalikumbuka rungu. Bila masikio ya mtu aliyekataa kuamini chombo chake, daftari lingebaki na namba safi, nzuri, ya uongo.

Barafu hiyo naijua. Si theluji. Wingu la mlimani limejaa matone madogo ya maji ambayo yamepoa chini ya sifuri lakini bado ni maji, na tone likigusa kitu chochote linaganda papo hapo. Tunaiita jalidi. Inaota kwenye kamba, kwenye nguzo, kwenye nyusi zako, nyeupe, yenye manyoya kama bawa la kuku. Kinachowashangaza wageni ni upande inakoota: wanatarajia iote upande uliokingwa, kumbe inakua ikiuelekea upepo, unyoya juu ya unyoya, kwa sababu huko ndiko matone yanakotoka. Ukiamka na ukungu umetoka, unaweza kusoma upepo wote wa usiku kwa kutazama nguzo moja. Siku moja niliukata unyoya mmoja wenye urefu wa kiganja changu na kuutazama kwa taa. Ulikuwa na pindo katikati, pale ambapo upepo uligeuka kidogo kwenda kaskazini. Nilikwenda kulinganisha na daftari, na kweli, saa sita usiku upepo ulikuwa umegeuka.

Jalidi hiyohiyo ndiyo inayovimeza vikombe vya kipimaupepo. Kwanza vinakuwa vizito, kisha vinasimama. Mashine inatuma kwamba hakuna upepo, na nje dhoruba inataka kuondoka na paa. Vyombo vya siku hizi vina vipasha joto, na sitaki kuonekana kama ninayechukia mitambo. Vimewaokoa watu wengi na usiku mwingi wa hatari. Fuji ilibaki bila waangalizi mwaka 2004, na vituo vingi vimefuata njia hiyo. Lakini bado naamini mlima unahitaji mtu mwenye rungu, na nimegonga nguzo ile mara nyingi kiasi cha kulisema hili bila kusita.

Maisha mengine ya kule yanaelezeka haraka. Maji ni theluji iliyoyeyushwa, na theluji nyingi hutoa maji machache mno. Betri zinahesabiwa. Mwenzako akipiga chafya kwa namna fulani unaweza kumchukia kwa siku mbili, na siku ya tatu anakukanda bega lililoteguka na mnasahau. Upepo ukivuma wiki nzima masikio huuzoea. Ukikatika ghafla usiku, wote mnaamka. Radi ikikaribia, vyuma huanza kuimba kwa sauti nyembamba kama nyuki, wakati mwingine na mwali wa buluu kwenye ncha, na hapo unaingia ndani bila kujadiliana na mtu.

Ziko pia asubuhi ambazo jua liko nyuma yako na ukungu uko mbele, chini ya ukingo. Kivuli chako kinaanguka juu ya ukungu, kirefu, na kichwa chake kimezungukwa na duara za rangi. Kila mtu huona duara zikizunguka kichwa chake mwenyewe tu, hata mkisimama bega kwa bega. Mwanafizikia C. T. R. Wilson aliziona duara hizo Ben Nevis mwaka 1894, alipokaa kituoni wiki mbili. Akataka kuzitengeneza maabara, akajaribu kuunda wingu ndani ya chombo cha kioo, na chombo hicho kikaishia kuonyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu. Kilimpatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1927.

Ila kazi niliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa kuchukua hewa kwenye chupa. Kwa vituo vinavyofuatilia kabonidayoksaidi, hewa ya kilele ni ya thamani kwa sababu iko mbali na moshi wa watu. Unabeba chupa hadi upande upepo unakotoka, unauelekeza uso kwenye upepo, unavuta pumzi, unaizuia, ndipo unajaza. Pumzi tunayoitoa ina kabonidayoksaidi karibu asilimia 4, takriban mara mia ya ile iliyomo hewani; mvuke mmoja wa kinywa chako unaiharibu chupa nzima. Mwanasayansi Charles Keeling alianza kuipima kabonidayoksaidi kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, akapata takriban sehemu 315 katika kila milioni. Leo zimepita 420. Novemba 2022 volkano ya Mauna Loa ililipuka, lava ikakata barabara na umeme wa kituo, na vipimo vikahamishiwa kwa muda Mauna Kea, mlima wa jirani. Kituo cha Mlima Kenya, kwenye mita 3,678, ni sehemu ya mtandao uleule wa dunia wa kuiangalia angahewa. Nikisimama na chupa yangu, kifua kimejaa, nikihesabu sekunde, nilikuwa nawaza juu ya watu wengine waliosimama vivyo hivyo juu ya milima mingine, wote wamezuia pumzi.

Msimu wangu wa nne ulitujia dhoruba ambayo hadi leo nikiisikia ndotoni naamka. Mlango wa nje uliganda. Tuliugonga kwa zamu, na tulipoufungua kiganja kimoja, upepo ukaurudisha. Kamba ya kibandani ilikuwa imekatika. Tuliona ncha yake ikipiga hewani kama mjeledi, kisha hatukuiona tena. Mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya usiku, na mzee alikuwa ameshastaafu. Mwenzangu, kijana wa msimu wa kwanza, alikuwa na haraka ya kusaidia. Alitazama karatasi za siku iliyopita akasema, “Kaka, tunaweza kukadiria. Haitakuwa mbali sana.”

Nilimwambia atege kengele kama kawaida. Saa tisa tuliamka wote wawili, tukavaa, tukaenda mlangoni, tukajaribu, tukarudi. Mgandamizo wa hewa tuliweza kuusoma kwa sababu baromita iko ndani. Tuliuandika. Mengine yote niliweka alama ya usomaji uliokosekana, na pembeni: “mlango haufunguki, kamba imekatika”. Saa kumi na mbili asubuhi tukafanya vilevile, na saa tatu pia. Mistari mitatu, kila mmoja na namba moja tu ya kweli.

Madaftari ya kituo hupelekwa chini mwisho wa msimu na kuwekwa kwenye makasha. Yale ya Ben Nevis yalikaa zaidi ya karne kabla watu wa kujitolea, maelfu, hawajakaa mbele ya kompyuta zao mwaka 2017 na kuzichapa namba moja moja zipate kutumika. Yetu nayo huenda yakaguswa siku moja na mtu ambaye bado hajazaliwa. Atachapa msimu wa nne, atafika kwenye mistari ile mitatu. Kabla ya hapo, kwenye daftari la msimu wa pili, atakuwa ameshapita mstari wa saa tisa usiku wenye 8.7 iliyokatwa kwa rula, na pembeni yake herufi mbili za mwanzo za jina langu.